Siku Tatu Zinatosha: Hesabu ya Familia Yetu Kwenda Disney World

Kila mwaka ifikapo Januari, wakati theluji ya Minnesota imefika magotini na watu wanasubiri marejesho ya kodi, habari za Disney huanza kuzunguka katika vikundi vya WhatsApp vya Waswahili wa huku: nani amekwenda, ametumia kiasi gani, na je, ana kuponi ya kuwapa wenzake. Hilo la kuponi ndilo limenifanya niandike, kwa sababu wengi wetu hutafuta akiba mahali ambapo haipo. Wauzaji wa tiketi walioidhinishwa hupunguza bei kidogo tu, na kuponi ya fulana haiwezi kuiokoa bajeti ya watu watano. Fedha nyingi huokolewa katika maamuzi matatu ambayo hufanywa nyumbani, mezani, kabla ya mtu yeyote kufunga begi: mnakwenda wiki gani, mnaingia bustanini siku ngapi, na mnalala wapi. Katika hayo matatu, la idadi ya siku ndilo ninaloliona lina uzito kuliko yote, na ndilo watu hulipitia haraka.

Kwa wasiopajua, Walt Disney World iliyoko karibu na Orlando, Florida, si bustani moja ya burudani bali ni bustani nne zilizotengana kwa mwendo wa gari: Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1971, Epcot ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya mwaka 1989 na Animal Kingdom ya mwaka 1998, bila kuhesabu bustani mbili za michezo ya maji na hoteli nyingi zilizomo ndani ya eneo hilo. Tiketi ya kawaida humruhusu mtu kuingia bustani moja kwa siku. Bei ya siku moja hubadilika kulingana na tarehe na bustani. Katika bei za mwaka 2025, siku nyepesi ya Animal Kingdom iliuzwa dola 119, na siku za karibu na Krismasi katika Magic Kingdom zikakaribia dola 200 kwa mtu mmoja, kabla ya kodi ya mauzo ya asilimia 6.5. Mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu huingia bure. Kuanzia miaka mitatu hadi tisa analipa bei ya mtoto, ambayo ni pungufu ya bei ya mtu mzima kwa dola chache tu, kwa hiyo wazazi wanaokimbizana na siku ya kuzaliwa ya mtoto anayetimiza miaka kumi wanajisumbua bure. Anayestahili kukimbiziwa ni yule anayekaribia mitatu.

Sasa tuje kwenye hesabu ya siku. Bei za tiketi za siku nyingi zimepangwa kwa ustadi: siku za mwanzo ni ghali, kisha kila siku inayoongezwa hugharimu kidogo zaidi kuliko ile ya kabla yake, hata mnunuzi anapofika siku ya tano au ya sita anaona nyongeza ya makumi machache ya dola, na moyo unamwambia kwamba kuiacha ni kutupa bahati. Mimi huichukua siku hiyo ya tano na kuiandikia gharama zake zote, si tiketi peke yake. Kuna maegesho ya gari, ambayo kwa wageni wasiolala katika hoteli za Disney yalikuwa takriban dola 30 kwa siku katika bei za mwaka 2025. Kuna chakula cha mchana na vinywaji ndani ya bustani, ambapo mlo mmoja wa kaunta kwa mtu mzima aghalabu ni dola 15 au zaidi. Kuna usiku mmoja wa ziada wa malazi pamoja na kodi yake, na kwa wengi wetu tunaolipwa kwa saa, kuna siku moja zaidi ya kutokuwa kazini. Ukijumlisha hayo, siku iliyoonekana kuwa ya makumi machache ya dola imekwisha kuwa ya mamia. Na watoto, ambao ndio tunaowaingiza katika gharama hizo, siku ya tano huwa wamechoka kiasi cha kulia kwa sababu ya soksi.

Ndiyo maana sisi hununua siku tatu. Tiketi ya siku tatu si lazima itumike mfululizo. Unaruhusiwa kuitumia ndani ya siku tano, na ile ya siku nne ndani ya siku saba, hivyo katikati tunaweka siku ya kupumzika, kuogelea na kufua nguo. Nyongeza ya kuhama kutoka bustani moja hadi nyingine ndani ya siku hiyohiyo hatuinunui. Familia yenye mtoto wa kubebwa haiwezi kutoka Magic Kingdom saa nane mchana, ikapanda basi, ikakaguliwa upya mlangoni kwa Epcot, na bado ikasema imestarehe.

Kabla ya kuchagua bustani hizo tatu, wapimeni watoto urefu. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu sijaona kitu kinachopoteza thamani ya tiketi kama mtoto anayefika langoni mwa mchezo aliousubiri mwaka mzima, akasimamishwa kwenye kipimo na kurudishwa. Michezo ya Space Mountain, Expedition Everest na Flight of Passage hudai inchi 44, yaani takriban sentimita 112. TRON hudai inchi 48. Ikiwa watoto wenu wote wako chini ya inchi 40, Magic Kingdom ndiyo yenye michezo mingi isiyo na sharti la urefu, na Hollywood Studios inaweza kuachwa kabisa bila mtu kulia. Ikiwa mkubwa ana inchi 43, kuahirisha safari kwa mwaka mmoja kunaweza kuwa akiba kubwa kuliko punguzo lolote utakaloliona. Kwa upande wetu, Magic Kingdom na Animal Kingdom hazina mjadala. Siku ya tatu watoto wenyewe ndio huichagua kati ya mbili zilizobaki, baada ya mabishano ambayo ni burudani tosha na hayalipiwi.

Kuhusu wiki ya kwenda, sisi wa Minnesota tuna neema ambayo wengi hawaioni. Shule za umma hapa kwa kawaida hufunguliwa baada ya Siku ya Wafanyakazi, yaani Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ilhali shule za Florida, Georgia na majimbo mengi ya kusini huwa zimeshafunguliwa kufikia katikati ya Agosti. Wiki mbili za mwisho za Agosti watoto wetu bado wako nyumbani, na wale ambao wangejaza foleni za Orlando wako darasani. Bei za tiketi na za vyumba hushuka wakati huohuo. Kinyume chake ni ile likizo fupi ya Oktoba, ambapo shule za jimbo letu hufungwa Alhamisi na Ijumaa na nusu ya Minneapolis huonekana imekata shauri kupanda ndege moja kwenda Florida. Wiki hiyo nauli hupanda, na akiba yote ya bustanini huishia uwanja wa ndege.

Agosti ina gharama zake, na si haki kuzificha. Joto la Florida mwezi huo ni la Tanga mwezi Februari, lenye unyevu unaoifanya nguo ishikamane na mgongo kabla ya saa nne asubuhi. Karibu kila alasiri hunyesha mvua ya radi, na radi ikiwa karibu michezo ya nje husimamishwa. Hapo familia nyingi hukata tamaa na kuondoka. Anayekuwa na koti la mvua alilolinunua duka la bei nafuu nyumbani, akajikinga kwa saa moja ndani ya jumba la maonyesho, hutoka na kukuta foleni zimepungua na hewa imepoa. Tena ni msimu wa vimbunga, unaoanzia Juni hadi Novemba. Kimbunga Ian kilizifunga bustani hizo kwa siku mbili mwishoni mwa Septemba 2022, na Milton kikazifunga tena tarehe 10 Oktoba 2024. Kwa sababu hiyo sinunui chumba ambacho fedha yake hairudishwi, hata kikiwa nafuu kwa dola 60.

Malazi ndiyo sehemu ambayo jibu moja haliwafai watu wote. Hoteli za Disney za daraja la chini, zile za All-Star na Pop Century, zina faida tatu zinazohesabika kwa fedha: mabasi ya bure kwenda bustanini, maegesho ya bure katika bustani, na ruhusa ya kuingia dakika 30 kabla ya wageni wengine. Familia inayofika kwa ndege na isiyotaka gari itafaidika hapo, ingawa tangu Januari 2022 hakuna tena basi la bure la Disney kutoka uwanja wa ndege, na nauli hiyo lazima iingizwe katika hesabu. Hasara yake ni kwamba vyumba vya kawaida havina jiko, na mahali pasipo na jiko kila kikombe cha chai kina bei yake.

Familia mbili zinazosafiri pamoja zina njia nyingine, ambayo naipendelea waziwazi: nyumba ya kukodi Kissimmee au Davenport, yenye vyumba vinne, bwawa dogo, mashine ya kufulia na jiko kamili. Ikigawanywa kwa familia mbili, mara nyingi gharama ya usiku huwa chini ya vyumba viwili vya hoteli, na kina mama na kina baba hupeana zamu: wawili wanabaki na wadogo waliolala, wengine wanakwenda kutazama fataki. Lakini someni bei hadi mstari wa mwisho. Ada ya usafi na kodi za malazi, ambazo katika Kaunti ya Osceola, iliko Kissimmee, zikijumlishwa na kodi ya mauzo hufika asilimia 13.5, huweza kuibadilisha kabisa nyumba iliyoonekana rahisi. Hoteli nyingi zilizo nje ya Disney nazo hutoza ada ya kila siku ambayo haionekani kwenye ukurasa wa kwanza wa bei, kisha hutoza maegesho juu yake.

Kuna wanaoniuliza kama ni bora kuendesha gari. Kutoka Minneapolis hadi Orlando ni zaidi ya maili 1,500 kwa njia moja. Gari linalokwenda maili 30 kwa galoni litakunywa galoni 105 hivi kwenda na kurudi, na petroli ikiwa dola tatu ni kama dola 315, kiasi ambacho kwa watu watano kinashinda nauli ya ndege kwa mbali. Ongeza moteli ya usiku mmoja au miwili kila upande, chakula cha njiani, na siku nne za likizo zinazoishia barabarani kati ya Illinois na Georgia, na ushindi unapungua sana. Kwa familia ya watu sita au saba, gari bado linashinda. Kwa watu wanne wanaoweza kusafiri katikati ya wiki na mabegi madogo ya kuwekwa chini ya kiti, ndege za bei nafuu zitokazo Minneapolis hushinda. Mashirika makubwa ya ndege ya Marekani hubeba kiti cha gari cha mtoto na kigari cha kusukuma bila malipo, kwa hiyo hakuna sababu ya kukodi vitu hivyo Florida. Ndani ya bustani kigari kimoja hukodishwa takriban dola 15 kwa siku, na huruhusiwi kuondoka nacho unapotoka.

Chakula ndicho kinachonifurahisha zaidi kukieleza, kwa kuwa hapa mila zetu zina faida ya wazi. Disney inaruhusu wageni kuingia na chakula chao na vinywaji visivyo na kilevi, mradi chupa zisiwe za kioo, chakula kisihitaji kupashwa moto, na mfuko wa kuhifadhia baridi usiwe mkubwa kupita kiwango wala usiwe na vipande vya barafu vilivyo huru. Sheria hiyo ni kama imeandikwa na mtu aliyelelewa kwa chapati. Chapati iliyokunjwa na yai ndani, maandazi, kachori, viazi vya kuchemsha, mahindi, matunda yaliyokatwa: vyote hustahimili asubuhi nzima ya joto, ila vitu vyenye mayonezi vibaki nyumbani. Mke wangu hupika usiku wa siku moja kabla, na mfuko hubebwa na anayepoteza kura. Kuhusu maji, kaunta yoyote inayouza soda za mashine itakupa kikombe cha maji baridi yenye barafu bila malipo ukiomba, ilhali chupa ya maji ileile huuzwa karibu dola nne. Kila bustani pia ina kituo cha kuhudumia watoto wachanga, chenye sehemu ya kunyonyeshea, kubadilishia nguo na kupasha maziwa, na hakitozi kitu kwa kuingia.

Hatukatazi kununua chakula kabisa. Mlo mmoja wa bustanini kwa siku tunaununua, kwa kawaida vitafunio vya alasiri ambavyo watoto wamevichagua wenyewe, kwa sababu safari ya kusikia «hapana» kuanzia asubuhi hadi usiku si likizo. Bajeti inayomnyima mtoto aiskrimu ya dola saba huku ikilipia maegesho ya siku ya tano imepinduka chini juu.

Foleni ndipo uchu wa fedha unapokutana na uchovu. Hadi mwaka 2020 kulikuwa na utaratibu wa bure wa kuweka nafasi kwenye michezo. Sasa nafasi hizo huuzwa kwa jina la Lightning Lane, na ile ya michezo mingi hutozwa kwa kila mtu kwa kila siku, kuanzia takriban dola 15 hadi 39 au zaidi kulingana na tarehe na bustani. Familia yenye watu wanne wa kulipiwa inaweza kumaliza zaidi ya dola 100 kwa siku moja. Mwishoni mwa Agosti hatuinunui. Tunafika getini kabla ya kufunguliwa, tunakwenda moja kwa moja kwenye michezo yenye foleni ndefu, na kufikia saa tano, umati unapokuwa mkubwa, tunahamia kwenye maonyesho yenye kiyoyozi. Tunarudi tena kwenye michezo saa mbili za mwisho za jioni. Ningekuwa nalazimika kwenda wiki ya Krismasi ningeinunua, ila kwa Magic Kingdom au Hollywood Studios tu. Animal Kingdom haiihitaji kwa mtu aliyeamka mapema.

Wazazi wenye mtoto mdogo waulize utaratibu wa Rider Switch, ambao ni bure na haujulikani vya kutosha: mzazi mmoja anapanga foleni na mtoto mkubwa, mwingine anasubiri na mdogo, kisha mzazi wa pili anaingia kwa njia ya haraka bila kupanga foleni tena, na anaweza kuingia na yule mkubwa kwa mara ya pili. Kwa hiyo mtoto wetu wa kwanza hupanda treni za kasi mara mbili kwa foleni moja, jambo ambalo huwaambia marafiki zake kama siri ya serikali.

Animal Kingdom inastahili aya yake, kwa kuwa sisi hatuingii humo kama wageni kamili. Kijiji chake cha Harambe kimejengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu, Lamu hasa, na kuta zake zina matangazo ya Kiswahili ambayo watoto waliozaliwa huku huyasoma kwa sauti kubwa mno. Kilimanjaro Safaris, matembezi ya kutazama wanyama kwa lori, huzunguka katika eneo la ekari 110 lenye twiga, tembo na simba wa kweli. Mama mkwe wangu, aliyekulia jirani na Mikumi, alilitazama lile lori na kuuliza kwa upole ikiwa tumelipia hilo. Tumelipia, mama. Nendeni huko saa ya kwanza ya asubuhi, wanyama wakiwa bado wanatembea. Kisha, siku ambayo hamna tiketi, nendeni hadi Animal Kingdom Lodge, ile hoteli yenye migahawa ya Boma, Jiko na Sanaa. Si lazima ulale hapo ili uingie na kutazama wanyama kutoka sehemu za wazi za kutazamia, na ni jioni nzima isiyo na gharama.

Mengine ni madogo na nitayapitia kwa haraka. Wapiga picha wa bustanini watakupiga kwa simu yako ukiwaomba, bila malipo. Beji za kusherehekea siku ya kuzaliwa hutolewa bure kwenye ofisi za huduma kwa wageni. Mwenye kadi ya duka la Target hupunguziwa asilimia tano akinunua kadi za zawadi za Disney, ambazo zinaweza kulipia tiketi na chumba. Kwa matumizi ya dola 2,000 hiyo ni dola 100 kwa kazi ya dakika kumi. Ukikodi gari, omba kadi ya bure ya kuning'iniza ya ushuru wa barabara inayotolewa kwa wageni katika uwanja wa ndege wa Orlando, kwa sababu kampuni za magari hutoza ada ya kila siku juu ya ushuru wenyewe. Na vile vibanda vya kando ya barabara ya 192 vinavyotangaza tiketi za bei ya kutupa, vipiteni. Tiketi iliyotumika nusu haihamishiki kwa mtu mwingine, na ile ya halali yenye bei ndogo mno kwa kawaida hufungamanishwa na kikao cha kuuziwa hisa za nyumba za likizo, kitakachomeza asubuhi yenu.

Siku ya mapumziko sisi huendesha gari hadi Wekiwa Springs, hifadhi ya jimbo iliyo kaskazini mwa Orlando, ambako gari zima lenye watu hadi wanane huingia kwa dola sita na chemchemi ina maji baridi mwaka mzima. Fikeni asubuhi, kwani eneo likijaa hufungwa.

Linalobaki ni Universal, kampuni nyingine yenye bustani za burudani hapohapo Orlando, kwa sababu tangu bustani yao mpya ya Epic Universe ifunguliwe tarehe 22 Mei 2025 vijana wetu hawazungumzi habari nyingine. Kuzichanganya kampuni hizo mbili katika safari moja ndiyo njia ya haraka ya kuvunja kila hesabu niliyoieleza, kwa kuwa kila moja itakulipisha siku zake za mwanzo zilizo ghali. Tumeamua kuzitenganisha kwa miaka. Zamu ya Universal itakapofika, tutalala usiku mmoja tu katika mojawapo ya hoteli zao tatu za juu, Portofino Bay, Hard Rock au Royal Pacific, ambazo humpa kila mgeni wa chumba njia ya haraka katika bustani zao mbili za zamani siku ya kuingia na siku ya kutoka pia, na usiku zinazobaki tutazimaliza katika hoteli ya kawaida yenye kifungua kinywa. Epic Universe haimo katika ofa hiyo, kwa hiyo itapewa siku yake yenyewe, ya katikati ya wiki, mwishoni mwa Agosti.